Mistari Kumi na Minne, kwa Endel

Endel, umestaafu na funguo zote umeziacha,
wa stoo, wa boila, wa sanduku la sindano,
zinaning'inia ukutani kila mmoja na kibandiko chake.
Kompyuta hii tu hukuibandika kitu.

Naiwasha saa kumi na mbili asubuhi.
Nje, Viljandi bado ni usiku, theluji imefika kizingitini,
na skrini inanimwagia mistari kumi na minne,
myeupe juu ya weusi:
kiini hiki, kiini kile, tarakimu na vistari,
kila kimoja na kivuli chake cha dharura,
Windows mbili (ya pili ni ya nani?)
na chini kabisa neno moja, jaribu.
Unanipa sekunde tatu nichague.
Sekunde tatu, Endel! Hata mate sijameza.

Nilikupigia. Simu ililia huko kwenye mizinga yako ya nyuki
mpaka ikachoka.

Basi nikafanya kama mwenye nyumba mpya,
nikafagia.
Kiini cha mwaka juzi, toka.
Cha mwaka ule mwingine, toka na kivuli chako.
Kile kikongwe chenye namba fupi,
kilichokuwamo humu kabla mwanangu Tõnis hajaota jino,
hicho nilikifuta huku napiga mluzi.
Kikabaki kimoja, kipya, kinameremeta.
Nikajisifu peke yangu, nikanywa kahawa.

Saa mbili Maarika akaleta uzi wa kijivu,
akaiamuru mashine ifume.
Mashine kimya.
Taa yake ndogo ya kijani ikatutazama
kama mgeni anayesalimiwa kwa lugha asiyoijua.
Jozi mia mbili za glavu zinangojwa Riga siku ya Ijumaa,
na mashine ya mwaka tisini na tatu
haijawahi kusikia habari za kiini kipya,
wala kiini kipya hakina habari nayo.

Nilikuwa nimetupa mbachao,
na msala wenyewe haukututosha hata magoti.

Kutwa nzima nilikuwa chini ya meza
na flashi ya kuokolea mdomoni, tochi mkononi.
Nimekikuta kwenye diski yako ya akiba,
ndani ya kabati, ndani ya soksi,
soksi moja tu, kisigino kimepinda
(uliifuma mwenyewe, usikatae).
Nikakirudisha. Mashine ikakohoa,
ikakohoa tena,
ikaanza.

Sasa nimepanga upya, na safari hii kwa majina.
Kikongwe kiko juu kabisa, kinajichagua chenyewe
pasipokuwa na mtu mezani. Nimekiita GLAVU.
Mtandao nimekikataza:
huko nje wanauma, nacho hakina tena meno.
Kipya kinafuata, HESABU NA BARUA.
Vile vivuli nimevitia nyuma ya mlango mmoja mdogo,
anayezama ataubisha.

Windows ya kwanza ni ya Maarika na kodi zake.
Ya pili nimeifungua.
Ina mchezo wa karata na alama zako,
elfu tisa mia nne na kitu.
Siku ngapi hizo, Endel,
tulipokuwa tunatembea kwa ncha za vidole
tukidhani unarekebisha?

Sekunde nimezifanya thelathini.
Maarika lazima atafute miwani kwanza,
na miwani iko kichwani.

Limebaki jaribu.
Nikilichagua, skrini yote inakuwa nyeusi,
kistari kimoja kinapepesa juu kushoto,
kinapepesa, hakiulizi kitu.
Nimekingoja dakika kumi nimevaa koti.
Halafu nimeliacha palepale, mstari wa mwisho,
sikulipa jina jingine.

Ukiisikia simu,
niambie ulikuwa unajaribu nini.